Mwaka wa Makopo

Padri alisema marehemu hakuwa na adui. Alilisema hilo mkono wake ukiwa juu ya jeneza, watu wa Mwandiga wakatikisa vichwa kukubali, na kina mama wa kwaya wakaanza kulia upya. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki pale turubai lilipoishia, nusu ya mgongo wangu juani, nikimwangalia padri yule kijana na kumwonea huruma, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia. Adui wa Gervas alikuwa pale pale. Alikuwa ameoga, amejifunga kitenge cha heshima, ametoka Ujiji alfajiri ili aone kwa macho yake mwenyewe udongo ukimfunika. Zamu ya kutupa udongo ilipofika nilichota wa kujaza kiganja. Baadaye binti yake mkubwa, ambaye ni mwalimu, alinijia kwa adabu kunisalimu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole sana."

"Asante. Baba mlifahamiana wapi?"

"Tulifanya kazi ofisi moja, zamani, miaka ya wakimbizi."

Uso wake ukachangamka. Akasema baba yake alipenda sana kusimulia habari za kazi ile. Nikamwuliza alikuwa anasimulia nini. "Magari," akasema. "Barabara mbovu, matope. Na jinsi alivyowasaidia Warundi." Nikamwambia ni kweli, matope yalikuwa mengi.

Watu wa umri wangu wananiambia nisamehe, ati kinyongo kinazeesha. Mimi nimezeeka kama wao, si zaidi. Nimesahau mengi sana ya ujana wangu, sura za wachumba, nyimbo tulizocheza, hata bei ya samaki, lakini mwaka ule ninao wote, chumba kwa chumba na sahani kwa sahani, na sikuuweka kwa bahati mbaya. Niliutunza. Ya wazazi wangu na nilikozaliwa nayaacha, hayahusiki. Inatosha kusema nilikuwa msichana niliyemaliza shule, nikapata kazi ya ukalimani katika shirika moja lililohudumia kambi za Warundi, kwa sababu Kiha changu na Kirundi chao ni mtu na binamu yake, na Kiswahili changu kilikuwa kimenyooka. Ofisi yetu ilikuwa mjini Kigoma, kwenye mteremko, na kutoka dirisha la jikoni uliona ziwa lote, na siku hewa ikiwa safi uliiona milima ya Kongo ng'ambo imesimama kama jirani anayechungulia.

Nilipanga chumba Ujiji, kwa Bibi Mwavita, mama wa Kimanyema mwenye mikono mipana na ulimi mkali, ambaye ndiye pia aliyekuwa akipika chakula cha mchana pale ofisini. Chumba chenyewe nilikaa na Speciosa, mkalimani mwenzangu. Speciosa alikuwa mkimbizi. Alikuwa ametoka kambini kwa kibali cha kufanya kazi mjini, na mama yake, mjane, alibaki kambini kwenye nyumba ya udongo yenye paa la turubai. Vitanda vyetu viwili viliachana upana wa ndoo. Dirisha lilitazama uani, ambako Bibi alipanga madumu ya mawese, hivyo nguo zetu, mito yetu, hata nywele zetu, vyote vilinukia mawese. Jioni tulikula uani, ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, migebuka ya kukaanga, au sombe, yale majani ya muhogo, iliyopikwa mpaka ikawa laini kabisa, na Bibi akimkaripia Speciosa kwa kula kidogo. "Wewe mtoto unakula kama unamwogopa mwenye chakula. Hapa ni kwangu! Kula!" Speciosa alicheka akiziba mdomo. Alikuwa mrefu, mwenye shingo ndefu, na alisema Kiswahili kwa kukichagua neno moja moja. Mikono yake haikutulia. Wakati sisi tunapiga soga yeye alisuka vikapu vidogo vya nyuzi za migomba, vyenye vifuniko vilivyochongoka, vidogo kiasi cha kukaa kwenye kiganja cha mtoto. Akimaliza kimoja alikitia ndani ya bati la biskuti chini ya kitanda na kuanza kingine.

Mchezo ule ulitujia kupitia Lars. Lars alikuwa Mdenishi, fundi wa visima na mabomba ya kambini, kijana mwekundu wa jua asiyeweza kukaa kitako Jumamosi. Alikuwa na kifaa cha satelaiti cha manjano, cha kushika mkononi, ambacho kazini kilimwonyesha kisima kiko wapi. Jumamosi moja alitueleza kwamba kwao watu wanakitumia kuchezea. Mtu anaficha kopo porini, anaandika namba za mahali pale, na mwingine anakwenda na kifaa chake kulitafuta. Akilipata anachukua kilichomo, anaacha cha kwake, analirudisha. Alitutajia jina la mchezo, jiokashingi, Bibi Mwavita akasema hilo ni jina la ugonjwa. "Kwa hiyo mtu mzima anapanda mlima kutafuta kopo?" akauliza. Lars akasema ndiyo. "Na ndani ya kopo mna nini?" Kifungo, akasema Lars, au kombe la baharini, au peremende. Bibi akanigeukia: "Mwambie akae, apate chakula."

Tulikwenda. Kopo la kwanza Lars alilificha Kibirizi, mbele kidogo ya pale wanawake wanapoanika dagaa. Tulipita kati ya vitanda vya mchanga vinavyong'aa dagaa, wachuuzi wakituuliza tunatafuta nini, Speciosa akiwa na kifaa mkononi, macho yake yameganda kwenye mshale. Mshale ulisema mbele, akaenda mbele. Ulisema kushoto, akaingia majini mpaka magotini. Lars hakumsaidia hata kidogo. Mwisho aliinama chini ya jiwe kubwa lenye kinyesi cha ndege, akatia mkono, akatoa kopo la maziwa ya unga lililofungwa nailoni. Akapiga kelele. Sikuwa nimewahi kumsikia Speciosa akipaza sauti, hata mara moja. "Ego! Ego! Ndiyo, niko nalo!" Wanawake wa dagaa wakapiga vigelegele bila kujua wanashangilia nini. Ndani mlikuwa na kijiko. Akakichukua, akatoa mfukoni kikapu chake kimoja, akakiweka mahali pake kana kwamba anamlaza mtoto.

Tangu siku ile Jumamosi zetu zilikuwa za makopo. Tulificha Bangwe kwenye mawe yanayoangalia maji, tulificha nyuma ya shamba la michikichi njia ya Mwandiga, na mara moja tulipanda boti mpaka Ilagala, tukaficha karibu na mahali Malagarasi inapoingia ziwani, maji ya udongo na maji ya buluu yakikutana kama nguo iliyoshonwa vibaya. Lars alikuwa amesema kila kopo liwe na karatasi ya kusaini majina, lakini mchwa na unyevu vilizila karatasi, tukaziacha. Haikuwa na haja. Ukikuta kifungo cha shati ulijua ni mimi, Tausi, nimepita. Ukikuta kikapu, Speciosa. Jioni moja tukirudi kutoka Bangwe, miguu ina vumbi, aliniambia jambo ambalo nilicheka wakati ule. Alisema tangu utoto wake kila alipoingia porini alikuwa anajificha, na sasa amejua kwamba porini mtu anaweza pia kuficha kitu kwa furaha, ili apatikane.

Gervas aliingia mchezoni kwa kujialika. Alikuwa mkuu wa usafirishaji, mtu wa makamo, mnene kidogo, anayejua kuchekesha, na vibali vya safari vya wafanyakazi wakimbizi vilipita mezani kwake. Jumamosi moja alitupeleka kwa gari la ofisi, akasema leo lazima na yeye aone upuuzi huu. Yeye ndiye aliyelipata kopo la njia ya Mwandiga. Nakumbuka jasho kwenye paji lake, shati limemtoka suruali, akilipandisha kopo juu ya kichwa kama kombe la mpira. "Nimewashinda watoto!" alipiga kelele. Tulimpigia makofi. Alichukua kifungo changu, akaacha kalamu yake ya wino. Nalisema hili polepole ili msomaji alishike: Gervas alicheza. Alicheza zaidi ya mara moja, na alijua mchezo ule ulivyo kama sisi tulivyojua.

Mchana mmoja wa wiki nilikuwa stoo, nyuma ya jiko la ofisi, nikitafuta karatasi za kuchapia. Ukuta wa stoo ulikuwa wa mbao tu. Nilimsikia Speciosa akiosha vikombe, kisha nikasikia mlango, kisha sauti ya Gervas, laini, sauti ambayo hakuitumia na sisi wengine. Alimwambia amepata nyumba nzuri mtaa wa Mwanga, ina umeme, na msichana kama yeye hapaswi kulala Ujiji na harufu ya mawese. Speciosa akasema asante, yuko salama. Gervas akacheka. Akasema kibali chake kinakaribia kwisha, na mtu wa kukisogeza ni yeye.

"Mimi nilikuja kutafsiri, Bwana," Speciosa akasema. "Sikuletwa kwako."

Kikombe kikawekwa mezani kwa nguvu. "Mkimbizi hachagui," Gervas akasema.

"Oya, hapana. Hili nalichagua."

Nilitoka stoo nikiwa nimekusudia kugonga mlango kwa kishindo, lakini nilipofika jikoni Gervas alikuwa amekwisha kwenda na Speciosa alikuwa anakausha kikombe kile kile, anakikausha tu. Uani jioni ile Bibi Mwavita alipomwambia ale, alikula.

Walikuja Jumatatu asubuhi, watu wawili wenye mashati ya kiraia na viatu vya askari. Wakati ule vita vya ng'ambo vilikuwa bado vinawaka, na mji ulijaa hofu ya wapiganaji wanaovuka ziwa. Walimchukua Speciosa mezani kwake, na mimi wakaniambia nifuate. Tulipelekwa kwenye chumba chenye meza moja na dirisha lenye nondo. Juu ya meza palikuwa na kopo letu la Bangwe, limefunguliwa, na kando yake kikapu kidogo cha nyuzi za migomba. Speciosa alikalishwa kwenye kiti kilichokabili meza, na Gervas alikuwa amekaa kando, miguu ameikunja, kofia mapajani.

Waliniuliza mimi kwanza, kwa kuwa ni raia. Nikawaeleza mchezo. Nikawaeleza mshale, namba, kifungo, kijiko. Yule mkubwa wao alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwangalia mwenzake, wakacheka. "Mtu mzima anapanda mlima na mtambo wa satelaiti kutafuta kijiko," akasema. "Na mpandaji mwenyewe Mrundi. Na mlima wenyewe unaangalia ziwa." Nikasema mwulizeni Bwana Gervas, amekaa hapo, na yeye amecheza, kopo la Mwandiga alilipata yeye. Wote wakamgeukia. Hakuharakisha. Alikigeuza kikapu kwa kidole chake kimoja, akakitazama chini, kama mtu anayekagua yai.

"Mimi sijui mchezo kama huo," akasema. "Mimi ni mtu wa magari."

Speciosa hakulia. Alimtazama tu, na mimi nikamtazama, na Gervas akaitazama saa yake. Mimi niliachiwa mchana ule. Speciosa hakuachiwa. Tulisikia baadaye kwamba walimweka ndani muda mfupi, kisha wakampandisha lori mpaka mpakani na kumsukumia kwao, kulekule alikotoka akikimbia. Lars alipiga simu, alipiga meza, alikwenda kila ofisi aliyofunguliwa mlango, na mwisho wakubwa wake wakamhamisha. Alikuja kuniaga. Alinipa kifaa chake cha manjano, akasema ni chake mwenyewe, si cha kazi, na hataki kukiona tena. Nilirudi chumbani Ujiji. Kitanda cha pili kilikuwa kimetandikwa. Kitabu chake cha nyimbo za kanisa kilikuwa juu ya mto, na chini ya kitanda bati la biskuti limejaa vikapu.

Lakini kisasi sikukiwaza siku ile. Siku ile nilikuwa na hofu tu. Kisasi kilizaliwa kambini, wiki chache baadaye, mbele ya zahanati. Tulikuwa tumekwenda na magari ya mahema, Gervas akiongoza msafara, mimi nikiwa mkalimani pekee aliyebaki. Mama yake Speciosa alikuwa amesikia kwamba watu wa ofisi wamekuja. Alitoka foleni ya dawa, amejifunga shuka, amekonda, akaja moja kwa moja mpaka mbele ya Gervas. Hakujua yeye ni nani. Aliona tu mtu mzima mwenye shati safi, anayeamrisha. Akapiga magoti.

"Umukobwa wanje ari hehe?" akauliza.

Gervas alinigeukia. Kirundi alikielewa, ni Muha kama mimi, lakini alitaka niseme. "Anasemaje?"

"Anauliza binti yake yuko wapi."

"Mwambie sijui habari zake."

Watu walikuwa wametuzunguka. Kazi ya mkalimani ni kusema kama alivyosema mwenye kusema, na hivyo ndivyo tulivyofundishwa, usiseme "anasema hajui", sema "sijui". Mama yule alikuwa ameinua uso wake kwangu, kwa sababu maneno yangekuja kupitia mdomo wangu. Nikamwambia kwa Kirundi, kwa sauti yangu mwenyewe, sijui habari zake. Akanishukuru! Alisema urakoze, akainuka kwa kujishika goti, akarudi foleni, na watu hawakumrudishia nafasi yake, akaanza upya mwisho. Gervas alikuwa amekwisha ondoka, anafokea dereva kuhusu kamba. Ladha ya maneno yale niliibeba mdomoni njia nzima ya kurudi Kigoma, nikaingia nayo uani kwa Bibi Mwavita, nikamwambia: "Bibi, nataka Gervas akae kwenye kile kiti."

Bibi alikuwa anachambua sombe. Hakuniuliza kiti gani, nilikuwa nimemsimulia yote. "Unataka akae," akasema, "au unataka akalishwe?"

"Akalishwe."

"Basi usimsukume. Mtu kama yule ukimsukuma anashika ukuta. Mwache aende mwenyewe."

Kulikuwa na kilima kimoja juu ya ziwa ambako askari wa doria walikaa nyuma ya uzio wa seng'enge wakiangalia maji. Raia hawakukanyaga kule, isipokuwa wanawake wa kuni, ambao waliachwa wapite chini ya uzio kwa kuwa askari nao walihitaji kuni. Nilijifunga kanga mbili, nikapanda na wanawake wale, na kifaa cha Lars kimefungwa tumboni. Chini ya mwamba ulio karibu kabisa na uzio niliweka kopo. Ndani niliweka mawe, ili liwe zito, na juu ya mawe kikapu cha Speciosa, kizuri kuliko vyote vya lile bati. Kopo nililizungushia nailoni, na nailoni nikaifunga kwa mipira ya matairi ya baiskeli, tabaka juu ya tabaka, mafundo ya kuumiza kucha, ili atakayelipata akae pale akilifungua. Kisha nikabonyeza kitufe cha kuhifadhi mahali, nikateremka na mzigo wa kuni kichwani. Kuni zile tulizipikia kwa wiki nzima.

Chambo tulikitupa jikoni mwa ofisi. Gervas alikuwa na tabia ya kusimama kwenye kibaraza cha jiko baada ya chakula, akijichokonoa meno, na ukuta ule wa mbao sasa ulifanya kazi upande wetu.

"Yule mzungu wako ameondoka hata hakumaliza makopo yake," Bibi alisema, akisugua sufuria.

"Alikuwa na haraka, Bibi. Hata lile la mwisho hakulirudia."

"La mwisho lipi tena?"

"Punguza sauti. Alilolificha mwenyewe, bila sisi. Zito, alilibeba kwa mikono miwili."

"Zito la nini? Vijiko?"

"Mimi sijui. Kwani wewe hukuwaona wale Wakongo waliokuwa wanamfuata pale bandarini, wale wa dhahabu?"

Bibi Mwavita akaacha kusugua. "Astaghafirullah," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeelewa jambo kubwa, na kama kungekuwa na zawadi ya uigizaji Ujiji angeipata yeye. Kibarazani kile kijiti cha meno kilikuwa kimenyamaza. Kesho yake asubuhi Gervas alikuja mezani kwangu kudai kifaa. Akasema ni mali ya ofisi. Nikasema ni cha kwangu, nimepewa. Akasema nikitoe au niondoke kazini. Nikakitoa, nikanuna siku nzima, na kununa huko hakukuwa kugumu. Mchana Bibi aliponipakulia alininong'oneza, "Amemeza?" Nikamwambia bado anatafuna.

Alikwenda Jumamosi, mchana kweupe, peke yake, kwa sababu hakutaka kugawana. Askari walisema baadaye walimwona tangu anaanza kupanda. Walimwacha. Walimwona akisimama, akitazama kifaa, akienda kushoto, akirudi, akipiga magoti, akichimbua kwa mikono chini ya uzio wao. Walimkuta amekaa kwenye majani, miguu ameitanua, anakata mipira kwa meno.

Walinifuata ofisini siku iliyofuata ya kazi. Gervas alikuwa amesema yuko shahidi. Nilimkuta kwenye kibanda cha mabati juu ya kilima, amekalishwa, hana viatu, shati limechanika begani, na sikio lake moja limevimba. Mezani palikuwa na kifaa cha manjano, na kikapu. Na mmoja wa wale wawili wa mwanzo, yule mkubwa, alikuwa ameitwa, maana alikikumbuka kikapu.

"Tausi, dada yangu," Gervas akasema, machozi yakimshuka. Hakuwahi kuniita dada. "Waambie. Waambie ni mchezo. Wale Wazungu, makopo, unakumbuka Mwandiga? Nilipata kopo, mkanipigia makofi. Waambie, dada."

Upepo ulikuwa unapiga mabati. Mkubwa yule alinitazama. "Unaujua mchezo huo?"

Nilimtazama Gervas, si askari. Nilitaka aone nilivyochukua muda wangu. Nilikishika kikapu, nikakigeuza.

"Mimi sijui mchezo kama huo," nikasema. "Mimi ni mkalimani."

Nimesoma na kusikia watu wakisema kwamba kisasi kikifika mdomoni kinakuwa chachu. Wasinisemee mimi. Kilikuwa kitamu. Nilishuka kilima kile miguu yangu ikiwa myepesi, nikanunua samaki Kibirizi, nikala na Bibi Mwavita mpaka tukabaki tunanyonya miiba. Gervas walimweka wiki kadhaa. Wakubwa wa ofisi ndio waliomtoa, kisha wao wenyewe wakaachana naye. Alirudi Mwandiga na sikio moja lisilosikia, akalima, akawa mzee wa kanisa, akazaa watoto wazuri. Kwa miaka yote ile tulipokutana sokoni alikuwa wa kwanza kutazama pembeni. Hakuwahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kumficha. Speciosa alinusurika. Vita vilipokwisha alivuka kuja kutafuta kaburi la mama yake, maana mama hakumaliza msimu wa mvua uliofuata, na mimi ndiye niliyempeleka, kambi ikiwa imekwisha fungwa na mihogo imeota palipokuwa na nyumba. Nilimsimulia habari za kilima, na kwamba nilimpelekea mama yake habari hizo, tukiwa tumesimama pale. Aliniomba kitu kimoja tu, nimweleze jinsi mama yake alivyozipokea.

Nikamweleza kama ninavyoeleza hapa. Nilikwenda kambini na gari la kwanza lililopatikana baada ya siku ile ya kibanda. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka, ndani kuna joto la turubai, bakuli la uji liko pembeni limeganda ngozi juu. Jirani alisema hali tena chochote. Nikakaa chini, nikamwambia, Mawe, yaani mama kwa Kirundi, yule mtu uliyempigia magoti ndiye aliyemchongea mwanao kwa askari. Uso wake haukubadilika. Nikamwambia ule uongo aliusema yeye, nikauleta kwako kwa mdomo wangu, na sasa nimekuletea mengine. Nikamsimulia. Kilima, mawe, mipira ya baiskeli. Nilipofika kwenye kibanda alifungua macho.

"Alipiga magoti?" akauliza.

"Hakuwa na nafasi ya kupiga. Alikuwa amekalishwa chini, hana viatu."

"Alilia?"

"Alilia, Mawe."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, na akaniita dada."

 Nje mtu alikuwa anatwanga. Kisha akaegemea kiwiko chake, akajiinua mpaka akakaa, akalivuta lile bakuli, akaondoa ile ngozi kwa kidole, akaanza kunywa. Alikunywa wote, akajifuta mdomo kwa ncha ya shuka, akanisogezea mkeka nikae vizuri.

"Anza tena mwanzo," akasema. "Na usikimbie."